Kuanzia Hapa Soma Peke Yako

Chuoni, 3 Februari

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, kazi haijambo, na mguu uliokuwa ukinisumbua umeacha vituko vyake. Natumaini barua hii itakukuta mzima na Mama mzima, na kwamba dereva wako Honi hakuikalia njiani kama ile iliyopita, ambayo naambiwa ilifika imekunjamana kama shati lililolala chini ya godoro. Mkumbushe kwamba simu ya huko kwenu haishiki hata mtu akipanda juu ya paa, kwa hiyo lori lako la kuni ndilo posta yetu. Akiikalia barua ameikalia familia nzima.

Mama, shikamoo. Najua unasikiliza, na najua umekaa kwenye kile kiti kisicho na mgongo ambacho hutaki kitengenezwe. Mimi nakula vizuri. Ofisi yangu imehamishiwa chini, dirisha linatazama ua wa jiko, basi siku nzima naona wapishi wakipita na masufuria ambayo mtu mzima anaweza kuogea. Wanafunzi wamerudi, kila bomba lina foleni. Koti ulilonishonea bado linanitosha, usimsikilize anayesema nimenenepa. Likizo ijayo nitakuja, Mungu akipenda.

Kuanzia hapa soma peke yako.

Kuni zako ni mbichi. Sisemi kwa ubaya. Mzigo wa juzi uliwashwa alfajiri, na wanafunzi wakaingia darasani maji ya chai bado hayajachemka. Mpishi mkuu, yule mama mwenye sauti ya kengele, alikuja ofisini macho mekundu, akaniambia, "Madamu, hizi si kuni, hii ni miti." Tangu uanze kazi hii hujawahi kutuletea kuni mbichi. Ulikuwa unazianika msimu mzima kabla ya kupakia, na ulikuwa unajisifu kwa hilo mpaka watu tunachoka. Kuna nini?

Jambo la pili. Chuo kinafikiria kubadilisha jiko. Kuna mazungumzo ya kupikia gesi ya samadi na mabaki ya chakula, ili moshi upungue na miti ipumzike. Bado ni mazungumzo tu. Nakuambia mapema usije ukayasikia kwa watu.

Dada yako.


Nyumbani, 19 Februari

Dada, shikamoo.

Huku wazima. Mama yupo mbele yangu na ananiambia niandike alivyosema, nisitie maneno yangu. Anasema: marahaba mwanangu, na koti likibana leta nilitoe pindo. Anasema pia hiyo likizo ijayo ina ugonjwa gani wa miguu, mbona kila mwaka haifiki. Hayo ni yake, mimi simo. Unajua macho yake yalivyo: mtu anamtambua akiwa bado kule njia panda, lakini herufi hazioni tena, kwa hiyo mimi ndiye macho yake na mimi ndiye kalamu yake, na mshahara sijauona.

Sasa ametoka kwenda kuwafungia kuku. Tuongee.

Kuni ni mvua, Dada. Mvua imenyesha huku mpaka ndani ya mifuko ya suruali. Mwambie mama kengele apulize vizuri, mapafu anayo.

Lakini hicho chuo chako kinachofikiria ndicho kimeninyima usingizi. Mimi sijawahi kuona majengo yakifikiria. Anayefikiria ni mtu, ana kiti na ana jina. Nitajie huyo mtu nije nimsalimie. Kiwanda cha matofali kilifungwa, unajua. Wa mikate wamehamia umeme. Mteja niliyebaki naye ni mmoja tu, ni ninyi. Jiko lenu likiacha kuni, lori linaondoka, Honi anaondoka, na mimi nabaki nikiongea na kuku wa Mama. Wewe uko hukohuko ndani, karibu na wakubwa. Nisemee.

Mdogo wako.


Chuoni, 11 Machi

Mdogo wangu,

Hatujambo huku. Joto limezidi, lakini matangi mapya ya maji ya mvua yamejaa, kwa hiyo foleni za mabombani zimepungua na kelele nazo.

Mama, marahaba yako imefika na maneno yako ya likizo yamefika pia, yamenichoma kama ulivyokusudia. Mwezi huu tumepanda miche kule nyuma ya mabweni, kwenye ule mteremko ulioliwa na mmomonyoko. Wanafunzi walikuwa wanachomeka miche kama wanapanda bendera. Ikabidi nivue viatu niwaonyeshe jinsi ulivyotufundisha pale chemchemini: udongo wa juu unaingia kwanza, halafu unashindilia kwa kisigino mpaka mche ugome kung'oka. Wakanicheka mwanzo, kisha wakafuata. Nilikukumbuka siku nzima. Nikiwa najisikia vibaya huwa naiwaza ile miti yako ya chemchemi, na kile kivuli chake, na mimi nimekaa pale miguu majini.

Kuanzia hapa soma peke yako.

Imeamuliwa. Mwezi wa saba, wanafunzi wakifunga, jiko la kuni linavunjwa. Najua unachotaka kusema, subiri kwanza. Daktari amempima mpishi mkuu kifua, akamwambia achague kati ya moshi na pumzi. Ana watoto wanaomtegemea, basi kila asubuhi anarudi palepale. Kuta za jiko zimeganda masizi kiasi kwamba ukiegemea unaondoka na ukuta. Huwezi kuwafundisha vijana darasani habari za mazingira, halafu wakitoka wakute lori la magogo linashusha.

Nimefikiria habari yako. Huu mtambo wa gesi unakula samadi kila wiki, na samadi iko kwa wafugaji wa njia yako yote. Lori lako linaweza kuileta. Kazi ileile, barabara ileile, dereva yuleyule.

Na hujanijibu kuhusu kuni. Mvua naijua, hapa nako ilinyesha. Maji ya mvua hukaa nje ya gogo. Haya magogo ukiyapasua yanatoa utomvu katikati, mti ulikuwa umesimama wiki moja nyuma. Ulikuwa unachukua kwenye lile shamba la miti ya kupandwa, wanayokata na kupanda tena. Bado unachukua huko?

Dada yako.


Nyumbani, 28 Machi

Dada,

Leo hakuna sehemu ya Mama. Nimemwambia sina karatasi ya kutosha, na nimemdanganya kwa sababu yako.

Honi amenieleza. Anasema alipokuja kushusha mzigo alimwona mwanamke amesimama ukingoni mwa shimo kubwa nyuma ya jiko, amevaa kofia ya ujenzi, anawaelekeza mafundi kwa kidole. Akasema, huyu mbona anafanana na dada wa bosi. Kumbe ndiye. Anasema kuna ubao pale na cheo chako kimeandikwa, msimamizi wa mradi. Chuo kinafikiria! Imeamuliwa! Dada, wewe ndiye hicho chuo. Wewe ndiye uliyeamua. Umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa tangu Februari, na mimi zuzu nakuandikia unisemee kwa wakubwa. Nilikuwa namwomba mchinjaji amwombee mbuzi.

Halafu samadi. Yaani mtu amelijenga jina lake kwa kuni safi, kavu, zilizopasuliwa sawasawa, leo asimame njiani na nzi wanamfuata. Watoto wa huku watanipa jina ambalo litaandikwa kwenye kaburi langu. Ahsante kwa kunifikiria.

Sikuombi mengi. Nipe muhula mmoja zaidi, wa mwisho, nijipange. Mtambo wenyewe Honi anasema bado ni shimo lenye tope. Kuchelewa hakutamuua mtu.

Mama mzima. Maji siku hizi anachukua kwa jirani, chemchemi imechoka kidogo. Kutembea kunamnyoosha mgongo.

Mdogo wako, kama bado.


Chuoni, 20 Aprili

Mdogo wangu,

Nimechelewa kujibu kwa sababu barua yako niliisoma, nikaikunja, nikaiweka, nikaichukua tena, na kila nikitaka kuandika damu inanichemka. Sasa imetulia kidogo.

Mama, shikamoo. Mtoto wako wa mwisho anaishiwa karatasi, sijui anazila. Mimi mzima. Tumebadilisha taa za mabweni yote, sasa zinawaka kwa jua la mchana, na wanafunzi hawana tena kisingizio cha kutosoma, jambo ambalo limewaudhi sana. Pole kwa kutembea mbali kufuata maji. Likizo ijayo nitakuja tuitazame hiyo chemchemi pamoja.

Kuanzia hapa soma peke yako.

Ni kweli. Ni mradi wangu. Niliuandika mimi, niliupigania mimi, na niliposimama mbele ya mkuu wa chuo kuutetea niliinamisha macho kwenye karatasi kwa sababu nilijua ni lori la nani ninalolisimamisha. Nilishindwa kukuandikia hivyo. Basi nimekuandikia sasa, na siombi msamaha kwa kazi yenyewe, maana kazi ni njema. Ungesimama kwenye lile jiko asubuhi moja tu ungesema kama mimi.

Lakini kuhusu muhula mmoja, nitaupeleka kwenye kikao. Mafundi wamechelewa kweli, na mkuu wa chuo ananisikiliza. Nadhani atakubali. Kabla sijafungua mdomo mbele ya watu nataka unijibu maswali mawili, na usinizungushe. Kuni unazitoa wapi? Na chemchemi imechokaje? Mwaka ule wa ukame, visima vya watu wote vikiwa vumbi tupu, ile chemchemi ilitoa maji. Mama aliizungushia miti kwa sababu hiyo. Chemchemi haichoki hivihivi.

Dada yako, na hilo "kama bado" usiniandikie tena.


Nyumbani, 2 Mei

Dada, shikamoo sana.

Hapo sasa ndipo nakutambua! Nilimwambia Honi, damu ni damu, ana maneno makali lakini roho yake ni ya maziwa. Mama anakusalimu, kuku mweusi ameangua, paa la jikoni nimeliziba. Amefurahi kwa habari za taa. Ameuliza kama hilo jua linalowasha taa usiku mnaliweka kwenye ndoo.

Ahsante kwa kikao. Nitaleta mizigo mizito ya mwisho, kavu kabisa, mama kengele atapika akiimba. Nina haraka, Honi amewasha gari.

Mdogo wako mpenzi.


Chuoni, 17 Mei

Usimsomee Mama hata mstari mmoja wa barua hii.

Leo asubuhi nilikuwa mezani natayarisha maneno ya kikao, ya kukuombea wewe. Nje mpasuaji alikuwa anapasua mzigo wako. Nikasikia shoka limegonga chuma, na yule mzee akapiga ukelele, maana kipande cha shoka kiliruka kikapita karibu na uso wake. Nikatoka mbio. Gogo lilikuwa limegawanyika nusu, na katikati yake kulikuwa na kulabu ya chuma iliyopinda kushoto, mti umekua juu yake na kuimeza.

Unaijua hiyo kulabu. Baba aliigongomea kwenye mti wa kwanza pale chemchemini ili Mama afunge kamba ya kuanikia nguo. Nyundo ilimponyoka ikapinda, Mama akamwambia aiache hivyohivyo, ina adabu kuliko yeye. Mimi na wewe tulikuwa tunaning'inia pale mpaka tunachapwa.

Nilikaa chini kwenye maganda ya kuni mbele ya wafanyakazi wangu nikalia. Mpishi mkuu alidhani kuna msiba. Nikamwambia ndiyo.

Miti ya Mama. Tangu Februari inaingia kwenye lile jiko na mimi naitazama dirishani. Nimewapikia vijana chai kwa kivuli cha mama yangu, huku nikivua viatu kuwafundisha kupanda! Mimi nilikuficha cheo. Wewe umemwondolea mwanamke mzee maji yake mlangoni, anabeba ndoo kwa jirani, na wewe unaniandikia kwamba kunamnyoosha mgongo. Ulipata wapi mkono wa kuandika hivyo?

Kikaoni nilikwenda. Sikusema neno kuhusu muhula wa ziada. Jiko la kuni linafungwa mwezi wa saba kama ilivyopangwa, na mizigo iliyobaki sitaipokea kama haina cheti cha shamba la miti.

Kulabu nakurudishia, Honi anayo, nimeifunga kwenye gazeti. Itundike mahali uione kila ukikaa kula.


Chuoni, 20 Juni

Mdogo wangu,

Lori limekuja mara mbili bila barua. Mzigo una cheti, cha shamba la mbali sana, ni mdogo, na ni mkavu. Nimemuuliza Honi habari za nyumbani, akasema "wapo", akajitia anakagua matairi. Nimemuuliza kuhusu Mama, akasema, "Madamu, mimi ni dereva tu." Mtu anayepiga honi kuanzia getini hadi jikoni, mtu ambaye hajawahi kunyamaza tangu nimjue, leo ni dereva tu.

Nilikasirika, na bado nimekasirika. Lakini unyamaze, uniadhibu, ulifanye jambo hili upendavyo, ila niandikie neno moja tu kuhusu Mama. Sipati usingizi. Kila nikisikia gari ua wa nyuma nasimama.

Hapa hakuna mahali pa kuruka. Msomee ukitaka, au usimsomee.

Dada yako.


Nyumbani, 9 Julai

Dada,

Hii ni barua ya Mama. Amenikalisha mezani, amekaa mbele yangu, na ameniambia nikiruka neno atajua. Naandika anavyosema.

Mwanangu, mimi mzima. Usilie ofisini, watu wakubwa hawalii ofisini. Nimekaa kimya kwa sababu nilitaka mdogo wako aandike mwenyewe, na yeye akawa anatoka nje kila nikimwambia. Sasa naandika mimi kwa mkono wake.

Ninyi mnadhani mama yenu ni kiziwi kwa kuwa haoni herufi. Huyu akinisomea, anasoma, anasoma, halafu anafumba mdomo, na mimi nasikia karatasi inageuzwa. Barua haijaisha na mdomo umefungwa. Tangu lini salamu zikajaza kurasa zote hizo? Nilijua kuna yenu. Nikasema waache, ni watu wazima, wana mambo yao.

Ile kulabu ilipofika huyu hakuwepo. Nilimwambia Honi, hicho kilichofungwa kwenye gazeti nipe. Hakutaka. Nikamwambia mimi nimekuzidi umri, nipe. Nilipokishika tu nikajua. Nikasema, basi huko wameuona mti wangu, na mwanangu anadhani mdogo wake ni mwizi. Honi nilimkalisha kwenye kile kiti changu mpaka akanisimulia yote, shimo, kofia, kikao, yote. Kisha nikamwambia akiulizwa chochote huko aseme yeye ni dereva tu.

Sikiliza sasa. Mdogo wako hakuiba miti. Mimi ndiye niliyesema ikatwe.

(Dada, hapa nimemwambia sitaandika. Amesema andika.)

Mwaka jana lile shamba la miti lilipata mwenyewe mpya, wakafunga geti. Huyu alirudi jioni amekaa pale mlangoni, akaniambia, Mama, lori narudisha, kuni hakuna. Nikamuuliza, na barua je? Akasema barua gani. Nikamwambia barua za dada yako, zitakuja na nani? Akasema labda tutapata mtu. Mtu gani? Mabasi hayafiki huku, simu hakuna, na wewe hujafika nyumbani tangu tumzike baba yako. Kitu ninachopata kwako ni hicho kinachoshuka kwenye lile lori. Nikamwambia, kata ya kwangu.

Alikataa. Tuligombana, nikamwambia miti nilipanda mimi, shoka nitachukua mimi. Ndipo akakata, na siku ile hakula. Kila mti ulioanguka nilijua ni safari moja, na safari moja ni barua moja, unaniambia umekula nini na dirisha lako linatazama wapi. Niliona ni biashara nzuri. Ile miti niliipanda ili maji yakae. Yalikaa, mkayaoga, mkakua, mkaondoka. Mimi ndoo moja inanitosha. Nilichotaka kilikuwa kinatoka barabarani, hakitoki ardhini.

Sikujua kwamba lile jiko la kuni linafungwa, na kwamba wewe ndiye unayelifunga. Huyu hakuniambia, na wewe hukumwambia. Laiti mmoja wenu angesoma barua mpaka mwisho kwa sauti, miti mingine ingekuwa imesimama.

Jiko lako ni jema. Yule mpishi mwambie nimempa pole, moshi naujua. Imebaki mitatu ya upande wa juu, na maji bado yanatoka, membamba kama uzi. Nasikia una miche mingi. Usiniletee miche. Lete miguu yako.

Ni mimi mama yenu.

(Dada, ni mimi tena. Ni kweli alivyosema, lakini shoka nilishika mimi. Ningeweza kukuandikia hata mara moja tu kwamba Mama anakuhitaji. Nilitaka uone mwenyewe. Nilikasirika kwamba ni lazima uambiwe. Kulabu ipo juu ya meza ninapokula, kama ulivyotaka. Hii ni safari ya mwisho ya mzigo, baada ya hapa sijui barua zitapita wapi.)


Chuoni, 15 Julai

Mama, shikamoo. Na wewe, mdogo wangu, salamu.

Jana mpishi mkuu aliwasha gesi kwa mara ya kwanza. Moto ulitoka wa buluu, mdogo, hauna sauti, akauzunguka kama mtu asiyeamini mgeni. Maji yalipochemka alijifuta macho akasingizia vitunguu, na vitunguu vilikuwa bado ndani ya gunia. Wafanyakazi walipiga makofi. Mkuu wa chuo aliniita mbele niseme neno, na mimi barua yenu ilikuwa mfukoni, nimeisoma mpaka mikunjo imechanika. Nilifungua mdomo nikaufunga. Walidhani ni furaha. Sikuwa na furaha hata chembe. Nilikuwa nawaza kwamba nimeokoa miti ya watu wote, na wa kwangu alikuwa anaikata yake ili nimsalimie.

Jioni nimeomba likizo. Mkuu wa chuo ameniuliza ni likizo ijayo? Nikamwambia hapana, ni hii.

Miche sileti, Mama, nimesikia. Mdogo wangu, kazi ya samadi bado ipo na bado naona inakufaa, na najua utaikataa mbele yangu kwa maneno mabaya. Tutagombana tumekaa, Mama akiwa katikati, na cheo changu nimekiacha huku getini. Umesema shoka ulilishika wewe. Kiberiti nilikishika mimi.

Honi amepeleka lori kuoshwa, halina hata jani. Anasafisha kiti cha mbele na kunung'unika kwamba nimebeba nguo nyingi, na amerudiwa na kelele zake zote. Barua hii simpi. Nitakuwekea mkononi mwako nikishashuka, halafu nitakaa chini karibu na kile kiti kisicho na mgongo. Uisome kwa sauti, polepole, hadi mwisho, na ukigeuza karatasi usinyamaze.